Uhuru na hisani: somo kutoka Kengeleni



Kwa kawaida ukurasa huu huzungumza juu ya mambo ya mikono: kuku, mboga za gunia, kitabu cha akiba, choo cha shimo. Leo tunaomba mtuvumilie kidogo, maanake tunataka kulichambua neno moja tu, nalo ni uhuru. Neno hili tumeliimba shuleni na kulipigia makofi kwenye sherehe za kitaifa, lakini likiulizwa maana yake katika semina, watu hunyamaza kwanza. Halafu mmoja husema, "Uhuru ni kufanya utakalo." Mwingine humjibu, "Hata mwizi hufanya atakalo." Na hapo mjadala huanza.

Wataalamu wa siasa na jamii wameandika vitabu vingi juu ya neno hili, na ukivisoma harakaharaka utadhani havituhusu. Sisi tumeona vinatuhusu sana. Vinahusu kiwanja ulichojengea nyumba yako, kazi anayoifanya binti yako ng'ambo, na hata mwenyekiti wa kikundi chako. Na watu wa Kisauni tuna bahati, kwa kuwa somo lenyewe limo katika historia ya mahali petu. Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani na kushika njia ya Malindi, utafika Kengeleni. Makanga wanaita abiria, kina mama wanauza viazi karai, na hapo hapo imesimama kengele ya zamani iliyopapa mahali pale jina. Wengi wetu tunapita bila kuinua macho.

KENGELE YA FRERE TOWN

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akisukumwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza watu wasisafirishwe tena baharini kuuzwa. Mjumbe aliyetumwa kuudai mkataba huo alikuwa Sir Bartle Frere. Manowari za Kiingereza zikawa zinasimamisha majahazi na kuwatoa watu waliofungwa ndani. Sasa swali likawa: watu hawa wapelekwe wapi? Kwao kulikuwa mbali, upande wa Ziwa Nyasa na kwingineko bara, na wengine walikuwa wametekwa wakiwa watoto wadogo.

Basi shirika la misheni la Kianglikana, CMS, likamtuma Mchungaji William Salter Price, ambaye alikuwa amewafundisha Waafrika waliookolewa majahazini kule Nasik, India. Alifika Mombasa mwishoni mwa 1874, na mwaka 1875 makao mapya yakaanzishwa ng'ambo ya kisiwa na kupewa jina la Frere. Baadhi ya wale waliosomea Nasik walikuja kufanya kazi hapa na Rabai. Wawili kati yao, Ishmael Semler na William Jones, walipewa ushemasi mwaka 1885. Kengele, kama wazee wanavyosimulia, ilipigwa kuwapa watu hadhari pindi wafanyabiashara wa watumwa walipoonekana wakija.

Kwa hiyo hapa petu palikuwa mji wa watu waliofunguliwa minyororo. Je, walikuwa huru? Usiharakishe kujibu.

MILANGO ILIYO WAZI

Mwaka 1958 mwalimu mmoja wa Oxford, Isaiah Berlin, mzaliwa wa Riga, alitoa mhadhara ambao mpaka leo wanafunzi wa siasa hawawezi kuukwepa. Alisema neno uhuru lina maana mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni uhuru wa kutozuiwa: hakuna mtu aliyekufungia njia, hakuna aliyekushika mkono. Kadiri milango iliyo wazi mbele yako inavyokuwa mingi, ndivyo ulivyo huru. Ya pili ni uhuru wa kujitawala: wewe mwenyewe ndiye unayeshika usukani wa maisha yako.

Berlin aliiogopa hii ya pili. Si kwamba kujitawala ni kubaya, bali aliona jinsi wakubwa wanavyoweza kuigeuza. Mtu mwenye nguvu husema, "Mimi ninakujua kuliko unavyojijua. Wewe wa kweli, yule mtu mwema aliye ndani yako, anataka hiki ninachokulazimisha. Kwa hiyo nikikulazimisha, ninakuweka huru." Ukisikia maneno ya namna hiyo, shika mfuko wako.

Na jambo hilo halikukaa mbali na Kengeleni. Watu wa Frere Town waliambiwa wako huru, lakini kazi, ibada na adhabu viliamuliwa na misheni. Msimamizi mlei, Bwana J. R. Streeter, alituhumiwa kuwachapa watu viboko na kuwafunga, uchunguzi ukafanywa mwaka 1881, na baadaye akaondoka. Tufikirie kidogo mtu aliyetolewa jahazini, akaambiwa umekombolewa, halafu akapigwa kiboko na aliyemkomboa.

Sisi Wakatoliki tusiwanyooshee ndugu Waanglikana kidole. Mapadre wetu wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 na kufanya kazi ya namna hiyo hiyo. Waliwanunua watoto kutoka soko la Zanzibar, wakawalea, wakawaoza, wakawapa nyumba katika kijiji cha misheni, na wakawapangia saa za sala na siku za kuifanyia misheni kazi. Ilikuwa huruma ya kweli, hatuna shaka. Lakini ilikuwa huruma yenye ratiba ambayo aliyehurumiwa hakuulizwa.

BWANA MPOLE

Sasa tufike mahali tulipotaka kuwafikisha. Katika miaka ya 1990 walitokea wataalamu waliosema kwamba maana mbili za Berlin hazitoshi, kuna ya tatu iliyosahauliwa. Mmoja ni Philip Pettit, mtu wa Ireland, aliyeandika kitabu chake kikubwa mwaka 1997. Mwenzake ni Mwingereza Quentin Skinner, aliyetoa chake mwaka 1998. Hoja yao waliichota kwa Waroma wa kale, nao waliiweka kwa mfano ambao watu wa pwani hatuhitaji kutafsiriwa: mtumwa mwenye bwana mpole.

Bwana huyu hampigi. Anamlisha. Anamwachia aende atakako. Mwaka wa kwanza hakumzuia chochote, wa pili vivyo hivyo, hata wa kumi. Ukimpima mtumwa huyu kwa kipimo cha milango iliyo wazi, utasema yuko huru kabisa. Lakini kila mtu anajua hayuko huru. Kwa nini? Kwa sababu milango yote imeachwa wazi na mtu mmoja, na mtu huyo akiamka vibaya anaweza kuifunga bila ya kumuuliza yeyote na bila ya kuulizwa na yeyote. Uhuru, wanasema Pettit na Skinner, ni kutoishi chini ya utashi wa mtu mwingine, hata kama utashi huo leo ni mwema.

Hapa pwani mfano huu ulikuwa ukitembea barabarani. Neno letu "kibarua" asili yake ni barua ndogo. Mjini Mombasa na Zanzibar walikuwepo watumwa waliotoka asubuhi kutafuta kazi za kutwa, kupakia na kupakua mizigo, na jioni wakampelekea bwana sehemu ya ujira, mara nyingi nusu. Hakuna mnyororo, hakuna msimamizi. Mtu anaingia mjini na kutoka, anajadiliana bei, ana pesa zake kibindoni. Mgeni angemwona angesema huyu ni mfanyakazi tu. Lakini bwana akiamua kesho usitoke, hutoki. Akiamua leo nataka zote, unatoa zote.

Tazama pia jambo hili linavyomfanya mtu ndani. Anayeishi kwa kutegemea hisani hujifunza kusoma uso wa bwana kabla ya kusema. Hucheka mzaha usiochekesha. Ana neno moyoni lakini husema, "Wewe ndiwe ujuaye." Katika vitabu vyake vya baadaye Pettit alitoa kipimo chepesi: mtu huru ni yule anayeweza kumtazama mwenzake machoni bila ya hofu na bila ya kujipendekeza. Sisi wafanyakazi wa jamii tukiingia katika kijiji chochote tunakitumia kipimo hiki hata bila kujua. Unamuuliza mtu swali, yeye kwanza anamtazama mkubwa aliyekaa pembeni, ndipo anajibu. Basi umeshajua.

KARATASI BILA ARDHI

Kuna mtaalamu mwingine ambaye hapana budi tumtaje, naye ni Orlando Patterson, mzaliwa wa Jamaika, ambaye mwaka 1982 alitoa utafiti mkubwa juu ya utumwa katika nchi nyingi za dunia. Aliona kwamba jambo linalomfanya mtu mtumwa si kazi ngumu wala si kununuliwa peke yake. Ni kukatwa na ukoo. Mtumwa hana baba wa kumdai, hana wajomba wa kuja kumteta, hana makaburi ya wazee wake. Ni kama mtu aliyekufa ilhali bado anatembea.

Kiswahili kiliyajua haya kabla ya profesa. Watu wa zamani wa pwani walipotaka kumtaja asiye mtumwa walisema muungwana, mtu mwenye kwao, mwenye ukoo unaojulikana. Mtumwa aliyeachwa huru bila kwao alikuwa amevuka nusu ya mto.

Hebu tuangalie yaliyotokea Rabai. Watoro wengi walikimbilia misheni za huko, na wenye watumwa wa Mombasa walikuwa na hasira. Mwaka 1880 walikuwa wametishia hata kuivamia Frere Town. Mwishowe Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, chini ya George Mackenzie, ilikubali kuwalipa mabwana fidia. Tarehe 1 Januari 1889 vyeti vya uhuru vikatolewa pale Rabai, zaidi ya 1,400. Ilikuwa siku kubwa. Ila msomaji, angalia nani alipata nini. Bwana alipata pesa. Mtumwa alipata karatasi.

Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilipoifuta hali ya utumwa kisheria katika ukanda wa pwani ya Kenya, mambo yalikuwa hayo hayo: aliyeruhusiwa kudai fidia ni aliyemiliki watu. Halafu mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi. Kila anayedai ardhi katika ukanda huu alitakiwa kupeleka madai yake na ushahidi, na ardhi isiyothibitishwa kuwa ya mtu ikahesabiwa kuwa ya serikali. Mtu aliyetoka utumwani jana atoe ushahidi gani? Wamijikenda wengi nao, waliolima bila ya makaratasi kwa sababu ardhi yao ilijulikana kwa wazee na kaya, walibaki nje. Mwanahistoria Frederick Cooper alipoandika habari hizi mwaka 1980, kichwa cha kitabu chake kilieleza safari nzima: kutoka watumwa hadi maskwota.

Hilo ndilo jambo tunaloliona muhimu kuliko yote katika habari hii. Watu walitoka kwa bwana wakaingia kwa mwenye shamba. Hakuna aliyewafunga. Walilima, walijenga, walioa, walizika. Lakini chini ya miguu yao palikuwa pa mtu mwingine, na ruhusa ya kukaa ilikuwa ni ruhusa tu.

NYUMBA YAKO, KIWANJA CHA MWENYEWE

Wanavikundi wa Kisauni na Likoni mnaujua mpango wa nyumba bila ardhi. Mtu anajenga nyumba kwa pesa zake, milango yake, mabati yake. Kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi au kila mwaka unapeleka kodi ya kiwanja. Makubaliano mara nyingi ni ya mdomo. Mpango huu ni wa zamani sana Mombasa, wajukuu wanaendelea kulipa palipolipa mababu. Na kwa muda mrefu wenye viwanja hawakutaka mtu ajenge nyumba ya mawe, ndiyo sababu mitaa mingi iliinuka kwa udongo na makuti. Wageni huja wakasema watu hawa hawapendi maendeleo. Lakini nani ataweka akiba ya maisha yake katika tofali ambalo anaweza kuambiwa aling'oe?

Tuwe waangalifu hapa. Hatusemi wenye viwanja ni watu wabaya. Wengine ni wajane wanaoishi kwa kodi hiyo hiyo, wengine ni majirani wema ambao mtu akifiwa wanasamehe miezi mitatu. Lakini mkumbuke bwana mpole. Shida haipo katika roho ya mwenye kiwanja, ipo katika mpango wenyewe. Yeye akifa, mtoto wake aliye Nairobi anauza, na mnunuzi hajui habari za wema wa marehemu. Waroma walikuwa na jina la kitu anachopewa mtu kwa kuomba, ambacho mwenyewe anaweza kukitwaa wakati wowote. Walikiita precarium, kutoka neno lao la kuomba au kusali. Ndivyo wengi wanavyokaa: kwa kuomba.

Basi ukiwa na jicho hili la tatu, utajua ni mambo gani ya kuhangaikia. Si lazima upate hati leo ndipo uwe umesogea. Kila kitu kinachopunguza uwezo wa mtu mmoja kuamua peke yake juu yako kinakuongezea uhuru. Makubaliano ya maandishi yenye mashahidi. Risiti ya kila kodi. Kikundi cha wapangaji kinachozungumza na mwenye kiwanja kwa sauti moja badala ya kila mtu kwenda kivyake usiku. Na sheria pia. Tangu marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016, hata mtu anayehesabiwa kuwa yuko katika ardhi ya mwenyewe kinyume cha sheria hafukuzwi asubuhi moja kwa tingatinga: apewe notisi ya maandishi ya si chini ya miezi 3, na anaweza kwenda kortini kabla haijaisha.

Neno moja la tahadhari, kwa kuwa tunalisikia sana vijiweni: "Nimekaa miaka 12, shamba ni langu." Sheria ya miaka 12 ipo, lakini inamsaidia aliyekaa waziwazi bila ruhusa ya mwenyewe. Anayelipa kodi ya kiwanja amekaa kwa ruhusa, hata akikaa miaka 50. Kabla ya kuchangishana pesa za kwenda kortini, tafuteni wakili awaelezeni kwanza mko upande gani.

Tena msidhani kwamba mwenye karatasi ndiye mwenye neno la mwisho siku zote. Jirani yetu hapa Nyali palikuwa na kiwanja cha ufuoni ambacho mwaka 1989 kiligawiwa Rais wa wakati ule, Daniel arap Moi, kisha kikauzwa na kufika mikononi mwa kampuni. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilibomoa ukuta ili kufungua njia ya umma ya kwenda baharini. Kampuni ilikwenda kortini na hati yake mkononi. Mwezi wa Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilisema hati peke yake haitoshi ikiwa mzizi wake haukufuata sheria. Mwenye uwezo mkubwa kuliko wote nchini alikuwa ametoa, na bado korti iliuliza: ulitoa kwa utaratibu gani? Swali hilo, la kumuuliza mkubwa ametumia utaratibu gani, ndilo linalotenganisha sheria na utashi wa mtu.

JE, SHERIA SI BWANA MWINGINE?

Katika semina moja mzee mmoja alituuliza swali zuri. Alisema, "Mnatutoa kwa mwenye shamba mnatupeleka kwa serikali. Askari naye ana rungu." Ni kweli kabisa. Serikali isiyoulizwa ni bwana mkubwa zaidi. Jibu la wataalamu wetu ni kwamba sheria haikufanyi mtumwa ikiwa ulikuwa na nafasi ya kuitunga, na ikiwa una mahali pa kuipinga ukionewa. Ndiyo maana Katiba ya 2010 inaanza kwa kusema mamlaka yote ni ya wananchi, na katika kifungu cha 10 inaweka ushiriki wa watu kati ya maadili ya taifa. Tunajua vile mikutano ya kutoa maoni inavyofanywa wakati mwingine: tangazo linatoka leo, mkutano kesho saa tatu, soda moja, sahihi moja. Sahihi hiyo ya soda haifai kuitwa ushiriki. Ulizeni nakala mapema, na mpeleke maoni kwa maandishi yapigwe muhuri wa kupokelewa.

BINTI ZETU WA NG'AMBO

Nyumba nyingi za hapa zina mtoto aliyekwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani. Wengine wanarudi salama na kujengea wazazi. Wengine wanarudi wamenyamaza. Watu hubishana kama waajiri wa kule ni wema au wabaya, na kila mmoja ana mfano wake. Kwa somo letu la leo, ubishi huo umekosa njia. Chini ya mpango wa kafala, kibali cha mfanyakazi kukaa nchini kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Akipata mwema, atasema kafala haina neno. Akipata mwingine, pasipoti imefichwa na simu imechukuliwa. Bahati isiitwe uhuru. Saudi Arabia ilifanya mabadiliko mwezi wa Machi 2021 ili wafanyakazi waweze kuhama mwajiri kwa masharti fulani, lakini mabadiliko hayo yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, yaani wale wale wa kwetu.

Lakini kwa nini wanakwenda? Hapa tunamkumbuka Amartya Sen, mchumi wa India aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1998. Katika kitabu chake cha mwaka 1999 anasimulia kwamba alipokuwa mtoto huko Dhaka, aliingia uani kwao kibarua mmoja Mwislamu, Kader Mia, amechomwa kisu wakati wa fujo za dini. Mkewe alikuwa amemwambia asiende mtaa ule wa hatari. Alikwenda kwa sababu nyumbani hapakuwa na chakula. Akafa. Sen anasema kukosa chakula kulikuwa kumemnyang'anya uhuru kabla ya kisu. Kwa hiyo tukimlaumu binti kwa kukwenda, tuulize kwanza alikuwa na milango mingapi hapa.

NA NDANI YA KIKUNDI?

Tumemaliza kuwasema wenye mashamba, serikali na waajiri. Sasa turudi kwetu, na hapa wengine watanuna.

Vipo vikundi vyenye mwenyekiti mpole. Mama mwema, mcha Mungu, aliyeanzisha kikundi kwa jasho lake. Kitabu cha mkopo kinakaa kwake kabatini. Ukiwa na shida ya karo unakwenda kwake jioni, anakuhurumia, unapata. Mwenzako aliyempinga katika mkutano uliopita anaambiwa pesa zimekwisha. Hakuna aliyeiba hata senti. Hesabu zikikaguliwa zitatimia. Lakini wanachama wameanza kusoma uso wa mwenyekiti kabla ya kuinua mkono, na pesa ni zao wenyewe.

Kikundi cha namna hii huonekana kina amani sana. Mikutano ni mifupi na kila jambo linapita kwa makofi. Sisi tukiona makofi ya namna hiyo huwa tunapata wasiwasi.

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inakitaka kila kikundi kiwe na katiba. Vikundi vingi tunavyovijua viliinakili katiba kwa kikundi jirani, wakabadilisha jina, wakapeleka. Tunaomba katika mkutano ujao muitoe hiyo katiba kwenye bahasha, na katibu aisome kwa sauti, polepole. Msikilize sehemu hizi. Ni nani anayeweza kuitisha mkutano mwenyekiti asipotaka? Mwanachama wa kawaida akitaka kuona kitabu cha hesabu, anaomba au anadai? Mkopo unatolewa kwa foleni iliyoandikwa au kwa kujuana? Mwanachama akitaka kutoka, anatoka na akiba yake kwa muda gani? Na mwenyekiti akikosea, anaulizwa na nani, lini?

Mahali mtakapokuta kwamba jibu ni "tutamwomba mwenyekiti," pigeni mstari kwa kalamu, andikeni jibu jingine mlilokubaliana, na wote mtie sahihi, mwenyekiti akiwa wa kwanza.